Kisima cha mwamba kikiharibika: dalili, visababishi na la kufanya, Malindi hadi Lamu

Mwamba wa matumbawe hauchuji maji. Mchanga huyashika na kuyapitisha polepole, ndiyo maana visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga, vimeunywesha mji wa Lamu miaka na miaka. Mwamba wa Malindi, Watamu, Gede na Manda una tabia nyingine. Mvua imeutoboa kwa maelfu ya miaka hata umejaa nyufa, mashimo na mapango, na maji hupita humo kama yanavyopita kwenye bomba. Oili iliyomwagwa gerejini leo yaweza kutokea kwenye kisima cha jirani wa tatu baada ya mvua moja, na kisima kilicho hatua kumi kutoka gereji hiyo kisiguswe. Kwa hiyo usianze kwa kumtazama jirani kwa jicho baya. Anza na daftari.

Siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni, andika: saa, bahari inajaa au inapwa, ni bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpya au mpevu) au maji mafu (siku inapojaa na kupwa kidogo), mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na pampu imekwenda muda gani. Teremsha kamba yenye kipande cha chuma, upime kutoka mdomo wa kisima hadi usoni mwa maji. Maji yakipanda na kushuka pamoja na bahari, ujue kisima chako kimeungana nayo kwa nyufa, na dalili nyingi zilizo hapa chini zitabadilika kwa saa. Vifaa vingine ni chupa mbili za kioo zenye vifuniko, kijiti kikavu, karatasi nyeupe, siki, na kalamu ya kupimia chumvi, kile kifaa kidogo kinachoonyesha namba za miligramu kwa lita.

ONYO LA KWANZA: usishuke kisimani kutafuta tatizo, wala usimshushe kijana. Hewa mbaya huzama na kukaa chini. Ile yenye harufu ya mayai viza ikizidi huua pua kwanza, ukadhani imeondoka, kisha hukuangusha. Ile desturi ya kuteremsha mshumaa haikusaidii: hauonyeshi sumu hiyo, na kama kuna mvuke wa petroli umewasha bomu. Pampu ya petroli nayo isiwashwe ndani ya kisima hata siku moja, maana moshi wake unaua bila harufu ya kukustua. Kazi ya ndani ni ya fundi mwenye kipimo cha hewa, mkanda, kamba na watu wawili juu.

Dalili: maji yamegeuka ya munyu

Haya ndiyo malalamiko ya kila mwaka, hasa kaskazi inapokuwa imekausha kila kitu na masika bado.

Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya ardhini kutoka baharini. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo uone hatari: pampu ikishusha uso wa maji kwa sentimita 10 tu na kuuweka hapo, chumvi ina nafasi ya kupanda mita 4. Kwenye mwamba wenye nyufa hali huwa mbaya kuliko hesabu, kwa sababu kujaa na kupwa huyakoroga maji hayo mawili kila siku. Wala haihitaji chumvi nyingi. Bahari ina takriban miligramu 35,000 za chumvi kwa lita, na watu wengi huanza kuyakataa maji yakipita 1,000. Maana yake sehemu 3 za bahari katika sehemu 100 zimeshakuharibia chai.

Kisababishi kinachoongoza ni pampu kubwa kuliko kisima. Pima chumvi kabla ya kuwasha, kisha baada ya dakika 10, 20 na 40. Namba ikipanda kadiri pampu inavyokwenda, na kushuka baada ya usiku wa mapumziko, umeshampata mkosaji. Punguza: vuta dakika 20, pumzisha saa nzima, jaza tanki la juu kidogo kidogo. Inua mdomo wa bomba la kunyonya uwe kama sentimita 50 chini ya uso wa maji badala ya kukaa sakafuni. Maji matamu yako juu, wewe ulikuwa unayavuta ya chini. Ukifanya hivyo, weka kiswichi cha kuzima pampu maji yakishuka, la sivyo itanyonya hewa na kuungua.

Cha pili ni bahari yenyewe. Chumvi ikipanda siku za bamvua na kushuka siku za maji mafu, hata pampu ikiwa imezimwa, kisima kiko karibu mno na ufa unaofika pwani. Teka wakati bahari imepwa, weka akiba. Hakuna dawa nyingine ya bei nafuu.

Cha tatu ni kisima kilichochimbwa kupita kiasi. Kuna fundi ambaye jibu lake kwa kila kitu ni "tushuke mita mbili zaidi". Bara huko huenda likafaa. Hapa kila mita unayoshuka unaifuata chumvi. Kisima kilichokuwa kitamu kikaharibika mara baada ya kuongezwa kina, kirudishwe: sehemu iliyoongezwa ijazwe mawe safi, kisha ifungwe kwa konkriti. Kabla ya hapo kipe masika moja kikiwa kimepumzika. Takwa, ule mji wa Manda uliohamwa karne ya 17, miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni visima kugeuka chumvi. Walikuwa hawana pampu.

Kaskazini mwa Malindi, kuanzia Gongoni kwenda Marereni na Kurawa, kuna kisababishi cha nne ambacho kwingine hakipo: mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa mabwawani na kuachwa kwenye jua hadi chumvi yake iwe mara kadhaa ya ile ya bahari. Bwawa likivuja, maji hayo mazito huzama na kutambaa chini. Malalamiko ya visima kuharibika yalikuwa miongoni mwa yaliyopelekwa mbele ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilipofanya uchunguzi wa hadhara Magarini. Ripoti ilitoka mwaka 2006. Utatofautishaje? Chumvi ya bahari hucheza na bamvua. Chumvi ya bwawa haijali mwezi: hupanda taratibu, haishuki, na hufuata kujazwa kwa mabwawa. Yale mabaki yanayobaki baada ya chumvi kuvunwa yana magnesiamu nyingi, kwa hiyo maji huwa na uchungu ulimini, si chumvi tupu. Ulimi haushindi kesi, lakini unakwambia ulipie kipimo gani maabara: omba kloraidi, sodiamu na magnesiamu kwa pamoja.

Simama hapa: kisima kikipumzishwa wiki mbili na bado kalamu inaonyesha zaidi ya 2,000, usimwage pesa kwa kubadilisha pampu. Ita mtaalamu wa maji ya ardhini. Na usichimbe kisima kipya cha mashine bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria ya Maji ya 2016 inataka hivyo, na kisima kibaya cha mita 60 huweza kuipandisha chumvi mtaa mzima.

Dalili: utando unaong'aa juu ya maji, au harufu ya mafuta

Chukua kijiti kikavu, uuguse utando na kuukata katikati. Ukivunjika vipande vipande kama barafu nyembamba na vipande vikabaki mbalimbali, hayo si mafuta. Ni vijidudu vya kutu, ambavyo havina madhara makubwa zaidi ya kuchafua nguo na kuziba bomba. Ukikatika kisha ukajirudi na kuungana, ni mafuta. Watu wengi wameshagombana na jirani kwa sababu ya kutu.

Jaribio la pili: chovya karatasi nyeupe usoni mwa maji, uianike kivulini. Dizeli, oili na mafuta ya taa huacha doa linalopitisha mwanga hata maji yakishakauka. Petroli haiachi doa, huruka. Kwa hiyo jaza chupa ya kioo nusu, funga, iache juani dakika kumi, kisha ifungue mbali na moto na mbali na sigara. Pua itakwambia.

Ikiwa ni mafuta kweli, anza nyumbani kwako. Mara nyingi ni pampu yako: mtu hujaza petroli akiwa amesimama juu ya mfuniko wa kisima, kila siku kijiko kimoja kinamwagika, na mfuniko una ufa. Au jenereta imewekwa hatua mbili kutoka mdomo wa kisima, na chini yake ardhi imekuwa nyeusi. Pampu ya kuzamishwa nayo huwa na oili ndani ya mota. Sili ikichoka, oili hutoka, na dalili ni kwamba utando huonekana dakika chache baada ya kuwasha. Ondoa chanzo kwanza. Jenereta na mafuta yahamishwe upande wa chini wa mteremko na yakae juu ya sinia la bati lenye kingo.

Kwa utando mdogo uliotokana na chanzo chako mwenyewe, usumba mkavu wa nazi unafaa kuliko sponji: unanyonya mafuta. Ujaze kwenye mfuko wa wavu, ufunge kamba, uulaze usoni mwa maji bila kuuzamisha, utoe baada ya saa moja, uweke mwingine. Usumba uliokwisha kunywa mafuta ufungwe kwenye dumu lenye kifuniko. Usiutupe timboni.

Na hapo kwenye timbo ndipo penye chanzo cha pili. Machimbo ya mawe ya kujengea yaliyoachwa, yaliyotapakaa pwani hii hata mitaa ikaitwa kwa jina lake, Timboni ya Watamu ikiwemo, ni mashimo yaliyokwisha kuondolewa udongo wote. Kilichobaki ni mwamba mtupu, na chini yake maji. Anayemwaga oili chafu ya bodaboda, rangi, betri au taka za kiwanda humo hajazitupa, amezitia kisimani. Mwamba wa chokaa unaweza kuua ukali wa asidi ya betri, lakini madini yake ya risasi yanabaki. Zunguka na majirani, mkiuliza ni nani maji yake yameharibika na tangu lini, uandike kwenye mchoro wa mtaa. Visima vilivyoharibika mara nyingi hujipanga kwenye mstari, na mstari huo hufuata ufa.

Chanzo cha tatu, kisichotokea sana ila kikitokea ni kikubwa, ni tangi la kituo cha mafuta lililotoboka chini ya ardhi. Dalili yake ni harufu ya petroli inayozidi wiki hadi wiki, mvua au jua, bila utando mnene.

Mambo yasiyofaa: kuchemsha (mvuke wa petroli jikoni unawaka), kutia klorini, kumwaga sabuni ili utando upotee, na kupitisha kwenye makaa ya jikoni. Makaa yanayoondoa mafuta hutengenezwa maalumu. Ya kupikia hayatoshi. La baya kuliko yote ni kuvuta maji kwa pampu kubwa "ili kisima kijisafishe". Unayavuta mafuta yaliyokuwa njiani yaje kwako.

ONYO: harufu ya petroli ikisikika mdomoni mwa kisima au kwenye chumba cha pampu, usiguse swichi, hata ya kuzima. Cheche moja inatosha. Ondoa watu, zima umeme kwenye mita kuu ikiwa iko mbali, kisha arifu zimamoto ya kaunti, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) na, kama kuna kituo cha mafuta karibu, mamlaka ya nishati (EPRA). Maji hayo yasinywewe wala kuogewa hadi maabara iseme.

Dalili: maji yanabadilika rangi baada ya mvua

Hesabu saa tangu mvua kuanza hadi rangi kuonekana. Saa mbili tatu maana yake kuna mlango wazi kutoka juu. Siku mbili maana yake maji yamekuja kwa mkondo wa mbali.

Jaza chupa, iache isimame. Weupe unaosafika kuanzia chini kwenda juu ndani ya dakika chache ni hewa tu. Pampu inanyonya hewa, kaza viungo vya bomba. Weupe unaobaki na kutuama kama unga ni vumbi la mawe. Mwaga maji, tia siki kwenye unga, ukitoa povu ni chokaa, nawe tafuta timbo linalokata mawe kwa mashine. Rangi ya udongo ni maji ya juu yanayoingia moja kwa moja, na maji ya juu huja na kila kilichokuwa juu: mavi ya kuku, ya mbuzi, na Lamu ya punda.

Kagua kwa mpangilio huu. Mdomo wa kisima uwe umeinuka angalau sentimita 60 kutoka ardhini. Sakafu ya konkriti iuzunguke kwa mita 1.5 bila ufa, ikiwa na mtaro wa kuondosha maji. Mita 3 za juu za ukuta wa ndani ziwe zimepigwa plasta ya simiti. Tumia tochi na kioo ukiwa juu, ukitazama mistari ya udongo inayoteremka. Zibia ulichokiona, kisha ndipo utie dawa. Kutia dawa kabla ya kuziba ni kuosha sakafu paa likiwa linavuja.

Kipimo cha dawa: kisima chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 2 kina takriban lita 1,570. Kinahitaji lita 2 na robo za jiki ya asilimia 3.5, isiyo na harufu ya maua, au gramu 120 za klorini ya unga ya asilimia 65 iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo. Fanya siku za maji mafu, maana wakati wa bamvua dawa huchukuliwa na mkondo kabla haijafanya kazi. Mwaga, vuta maji hadi harufu ya klorini isikike kwenye kila mfereji, acha saa 12 hadi 24, kisha vuta umwage mbali na mimea mpaka harufu iishe. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya kusafishia choo. Hutoa hewa ya sumu.

Rangi ikirudi mvua ya pili baada ya kuziba na kutibu, mlango uko kwenye mwamba wenyewe, huwezi kuuziba kwa simiti. Kisima hicho kiwe cha kufulia na kumwagilia, na ya kunywa yatoke kwenye paa: mabati, mlizamu, tangi.

Dalili: harufu ya mayai viza au ya choo

Kwanza linganisha maji ya kisimani na ya mferejini. Yananuka mferejini tu? Ni tanki la juu au bomba, sugua tanki. Yananuka kisimani baada ya kukaa wiki bila kutumika? Vuta saa moja, huenda yakaisha. Funua mfuniko utazame kama kuna paka, panya au popo aliyekufa. Karibu na mikoko, huko Lamu hasa, harufu ya mayai viza inaweza kuwa ya tope lenyewe, na maji yakimwagwa kwa kurushwa hewani ndoo hadi ndoo hupungua sana.

Yasipokuwa hayo, ni choo. Kanuni ya mita 30 baina ya choo na kisima ilitungwa kwa ajili ya ardhi yenye udongo. Kwenye mwamba mita 30 zinaweza kupitwa kwa siku moja, na shimo la majitaka lisilo na sakafu, ambalo fundi hulisifu kwa kuwa "halijai kamwe", halijai kwa sababu linamwagika chini. Pima vijidudu vya kinyesi (visionekane hata kimoja katika mililita 100) na naitreti (isizidi miligramu 50 kwa lita). Kuchemsha huua vijidudu lakini huzidisha naitreti, kwa hiyo mtoto wa chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya unga asikorogewe kwa maji hayo hata yakichemshwa. Kufuatilia njia kwa rangi ni kazi ya wataalamu. Usimwage wino wala rangi ya nguo chooni ukatazama kisima.

Maji yakitikiswa yakatoa povu linalokaa dakika kadhaa, ni maji ya kufulia yanayopita njia hiyo hiyo. Litibu kama choo.

Dalili zisizo tatizo

Ukoko mweupe kwenye sufuria na sabuni isiyotoa povu ni chokaa ya mwamba, si sumu. Siki au ndimu huutoa.

Maji ya mfereji Malindi yakija ya kahawia kwa nusu saa, kwa kawaida ni bomba lililokuwa likitengenezwa; yaache yatiririke. Maji hayo hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya Sabaki. Mto wenyewe ni habari nyingine. Sabaki ni Athi ile ile iliyopokea maji machafu ya Nairobi na viwanda vyake. Wekundu unaouona wakati wa mvua ni udongo, na shabu inautuliza vizuri, ila vilivyoyeyuka majini shabu haivigusi. Maji yakiwa maangavu baada ya shabu, hujui bado yana nini.

Kuchukua sampuli na kuita wakubwa

Kwa vijidudu, tumia chupa iliyochemshwa au ya maabara, usiguse mdomo wake, iwekwe kwenye barafu. Kwa mafuta, chupa ya kioo cheusi ijazwe hadi pomoni pasibaki hata kiputo cha hewa. Chupa ya plastiki hunywa mafuta na kutoa majibu ya uongo. Chukua sampuli mbili, bahari ikiwa imejaa na ikiwa imepwa. Kwenye kila chupa andika saa, hali ya bahari na siku ya mvua ya mwisho. Afisa wa afya ya umma wa kaunti, au wa NEMA, apewe nakala ya daftari, mchoro wa mtaa na picha zenye tarehe. Hapo anakuwa na pa kuanzia, badala ya kusikia tu kwamba "maji yananuka". Kama ni kiwanda, usiingie ndani kuchukua sampuli mwenyewe; chukua kwenye mtaro ulio nje ya ukuta, mbele ya shahidi. Chupa za vijidudu zifike maabara ndani ya saa 24. Zikichelewa, mwaga uchukue nyingine.